Lenzi Ndefu na Mama Mkwe wa Lumino

Mwaka wa 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alivuka kwenda Kenya kutafuta kazi na hakurudi. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Nilitoka shule darasa la tatu nikijua kusoma, kuandika jina langu na kujumlisha, basi. Nikawa nabeba chumvi na sabuni za watu kichwani, kutoka Busia ile ya Kenya kuja Busia hii ya Uganda, mpaka shingo ikakakamaa kama mpini wa jembe. Nawaambia mapema, vijana, ili asije mtu akaniuliza upigaji picha nimesomea wapi. Sikusomea popote. Nilisimama nyuma ya mtu aliyejua, nikatazama mikono yake.

Mtu huyo alikuwa Oketcho, mzee wa Tororo, mwenye studio ya chumba kimoja na pazia lililochorwa ndege ya abiria. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Siku moja nilimpiga picha mwalimu aliyevaa shati jeupe pe, na picha ilipotoka shati lilikuwa zuri sana na juu yake kulikuwa na giza lenye meno. Oketcho aliitazama, akanirudishia. "Huyu bwana amelipia uso wake," akasema. "Wewe umempigia shati." Tangu siku hiyo nikimpima mtu mwanga ninapima shavu. Nguo itajijua yenyewe. Na ninyi mkienda kununua kamera leo, hilo liwe la kwanza, nitalieleza huko mbele.

Mnanijia kila wiki. Mzee Ojiambo, ninunue kamera gani? Mzee, hii ya megapikseli nyingi si ndiyo nzuri? Nitawajibu, lakini mtasikiliza kwanza habari za Nabwire, maana kama si yeye ningekuwa bado nasubiri filamu zangu zirudi kutoka Kampala.

Nabwire ni Msamia kama mimi. Alikuwa ameolewa upande wa Kenya, akarudi kwao na kamera ndogo ya dijitali shingoni, nyeusi, mtu angedhani ni ya mchezo. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha. Sisemi mmoja wa wapiga picha. Arusi za Lumino, mazishi ya Petta, ubatizo, watu waliotaka kupigwa picha mguu mmoja Uganda na mguu mwingine Kenya, wote walikuwa wangu. Nilikuwa nafika kwenye sherehe watu wananipisha njia kabla ya padri.

Mara ya kwanza kumwona kazini ilikuwa nje ya kanisa, arusi imetoka. Nilipiga yangu, kwa utaratibu wangu. Yeye akapiga yake, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: akaigeuza kamera na kuwaonyesha watu kioo cha nyuma. Basi! Bibi arusi alikimbia na gauni lake. Wazee waliokuwa wamekaa wakasimama. Kina mama wakapanda mabegani mwa wenzao. "Mimi niko wapi? Ebu mimi nione! Ah, nimefumba macho, rudia!" Akarudia palepale, bure. Mimi nikabaki na filamu tumboni mwa kamera, sijui nimezaa nini.

Mzee mmoja akanigusa bega. "Ojiambo, yako haina dirisha?"

"Yangu ni ya watu wenye subira," nikamwambia. Alicheka. Si kwa utani wangu.

Ningeweza kuvumilia hayo. Kilichoniua ni mke wangu. Taaka alikwenda sokoni siku moja akarudi na picha, amepigwa na Nabwire, imetoka kwenye kimashine cha kuchapia kabla hata hajamaliza kununua nyanya. Akaiweka mezani mbele ya chakula changu.

"Tazama," akasema. "Macho yangu yanaonekana."

"Macho yako nayajua."

"Wewe unayajua. Kwenye picha zako zote hizi, baba watoto, mimi ni gauni la gomesi limesimama peke yake."

Kumbukeni nilichofundishwa na Oketcho. Na mke wangu ananiambia hivyo! Sikula. Niliitazama ile picha nikitafuta kosa, na kosa halikuwepo. Nikaamua kununua kamera ya dijitali, na iwe kubwa kuliko ya Nabwire.

Hapo, vijana, tegeni sikio. Sikuamua ninunue kamera ya kufanyia kazi gani. Niliamua iwe kubwa kuliko ya nani. Mkiingia dukani na jina la mtu kichwani mwenu, muuzaji atalisoma usoni kabla hamjasalimiana.

Nilivuka kwenda Busia ya Kenya. Kijana wa dukani alikuwa na kofia na maneno mengi. Nikamwuliza ipi ni kubwa. Akatoa kamera kubwa ya mitumba, akaifunga lenzi ndefu kama chupa mbili za maziwa zilizounganishwa.

"Mzee, hii ni moto," akasema. "Na hii, ukisimama hapa Busia unaona mjusi juu ya mwamba wa Tororo."

"Na ya kawaida, ile fupi?"

"Fupi ya nini, buda? Fupi ni ya kina mama. Hii ndiyo ya mapro."

Alivyosema ni ya kina mama, nikamwona Nabwire na ile yake ndogo, nikalipa. Sikuuliza tena. Nilitoka nimeivaa shingoni, na mwenye kupima mizigo mpakani akanisalimia kwa Kiingereza.

Sasa wakati huo Lumino kulikuwa na matayarisho ya introdakshoni, ule utambulisho wa bwana arusi kwa wazazi wa msichana. Baba wa msichana alikuwa Mzee Egesa, mtu mwenye ukoo mkubwa ambao hauachi kuoa wala kuzika. Ukiipiga vizuri siku moja ya Egesa, una kazi mpaka uzeeni. Bwana arusi alikuwa Owor, kijana wa Petta. Egesa aliniambia wazi: "Utambulisho utapiga wewe. Nikipenda, na arusi ya kanisani ni yako. Nisipopenda, kuna yule mama mwenye dirisha." Nikaapa kwamba hata kama ni kufa, arusi ya nyumba ile Nabwire haigusi.

Siku ilipofika nilisimama katikati ya uwanja wa Egesa, nikainua ile chupa yangu, nikachungulia. Niliona pua. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaona pua na masharubu. Nikarudi mpaka kwenye ua wa nyumba: sasa kichwa kizima cha mwenyekiti wa sherehe. Nikatoka uani, nikavuka njia, nikaingia kwenye mihogo ya jirani, na hapo ndipo watu wakaanza kutosha kwenye picha. Nikawa napiga kelele kutoka kwenye mihogo kama anayefukuza nyani. "Songeeni! Shangazi, shusha mkono! Wewe wa kanzu, cheka!" Hawanisikii. Jirani akatoka na jembe, akaniuliza kama ndizo mbinu mpya za kuiba mihogo.

Ilipofika jioni Egesa akataka picha moja ya pande zote mbili. Na hapa nieleze kwa wale mliokulia mjini. Kwetu, na kwa ndugu zetu wa Petta pia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawasimami karibu. Ni heshima, nzito kuliko mnavyodhani. Kwa hiyo mama wa msichana alisimama kule mlangoni kwa jiko lake, nyuma kabisa, kama adabu inavyotaka. Owor akasimama mbele, ukingoni mwa turubai, upande kidogo. Kati yao ungeweza kufunga ng'ombe wanne na wote wakalala. Watu wengine wakajipanga huku na huku. Nikapiga kutoka kwenye mihogo. Kwenye kioo nilitazama macho kama yamefumbuliwa, na nyuso kama zina mwanga. Zilikuwa nazo. Nikafurahi sana. Nikaenda kuichapisha kubwa, nikaiweka kwenye fremu kwa gharama yangu.

Niliipeleka Lumino mwenyewe. Egesa akaivua gazeti nililoifungia, akaitazama. Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya mapaja.

"Ojiambo. Mke wangu siku ile alisimama wapi?"

"Mlangoni kwa jiko, mzee."

"Na hapa amesimama wapi?"

Akaigeuza tena. Dada yake, shangazi wa msichana, mwanamke asiyeweza kubana kitu mdomoni, akainama juu ya bega lake. "Wee! Anamnong'oneza mkwe wake sikioni!"

Nikatazama sawasawa. Kweli. Kichwa cha mama mkwe kilikuwa kimekaa begani kwa Owor kabisa, ukubwa mmoja, kama wamebanana kwenye benchi la kanisa. Lenzi ile ndefu, ukiwa mbali, inawavuta walio nyuma na kuwabandika kwa walio mbele. Hii ndiyo tabia yake. Kijana wa dukani aliniambia habari za mjusi. Hili hakulisema, na mimi sikuuliza.

Mama mwenyewe alitoka, akaona, akaingia ndani akafunga mlango. Tukamsikia analia. Hata mimi, mwenye kosa au asiye na kosa, nilitamani ardhi inimeze.

Ubaya ni kwamba nakala nyingine nilikuwa nimeshaituma Petta. Huko baba zake Owor waliitazama wakasema: sisi tulikuwa tumekaa mbele, nyuma hatukuona. Kama mama mkwe alimsogelea kijana wetu hivi, basi nyumba ile haina adabu, na kijana hakanyagi huko tena mpaka wazee wakae. Arusi ya kanisani ilikuwa imebaki wiki chache. Binti Egesa alinifuata mpaka kwangu. Hakunitukana. Alisema tu, "Baba Ojiambo, waambie ni kamera. Waambie mama hakufanya."

Nikawaambia. Nani atakuamini? Picha ni picha. Miaka yote mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawaambia watu kwamba picha haidanganyi.

Nikawaza jinsi ya kuonyesha. Ningewaweka watu wawili palepale, nipige kwa lenzi ndefu kutoka mbali, halafu nipige kwa fupi kutoka karibu, wazee waone zote mbili kwenye kioo. Lakini fupi ya dijitali sina, na filamu ingechelewa Kampala! Nilijua ni nani mwenye nayo. Siku mbili nilizunguka nikitafuta ya kuazima kwa mtu mwingine yeyote, hata nikamfuata mchungaji mmoja. Yake ilikuwa imekufa betri, na betri zake haziuzwi tena. Andikeni hilo: kamera ambayo betri yake huipati Busia wala Tororo ni jiwe la kuzuia mlango.

Basi nikaenda kwa Nabwire. Alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake, anakata picha za pasipoti kwa mkasi. Hakusimama.

"Karibu, mzee. Leo umepita upande huu wa barabara? Nilidhani una mihogo ya kupalilia."

Kumbe habari zilishafika. "Nataka kuazima kamera yako."

"Kamera yangu haitembei bila mimi."

"Basi njoo nayo."

Akaweka mkasi chini. "Kwa yule mama anayelia nitakuja," akasema. "Kwa wewe nisingekuja." Alisema hivyohivyo, nami nikakubali, maana nilikuwa nahitaji mguu wake uende Lumino.

Wazee wa Petta walikuja pia. Egesa akamsimamisha dada yake mlangoni kwa jiko, na mjomba mmoja wa Owor mahali pale pa turubai. Shangazi akapiga kelele kwamba kama picha itambandika kwa yule mjomba, basi mahari iletwe papo hapo. Hata wazee wa Petta wakacheka, nami nikamshukuru moyoni kwa domo lake. Nikaenda kwenye mihogo, jirani akaniangalia, nikapiga. Nabwire akasimama uwanjani, akapiga. Tukaziweka kamera mbili mezani, kioo kando ya kioo.

Kwenye yangu shangazi alikuwa begani kwa mjomba. Kwenye yake alikuwa mdogo, mbali, mlangoni kwa jiko, na uwanja mtupu katikati.

Mzee mmoja wa Petta akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akamtazama shangazi aliyekuwa bado amesimama mlangoni mikono kiunoni. Akatazama tena. Kisha akavua kofia akauelekea mlango wa nyumba, akasema kwa sauti ili anayelia ndani asikie: "Mama, tusamehe. Tulimwamini huyu wa mihogo."

Ndoa ikapona. Binti alinishika mkono. Na Egesa, palepale, mbele yangu, akamgeukia Nabwire: "Arusi ya kanisani, mama, tarehe unaijua?"

Niliiona kazi ya uzeeni ikiondoka kwa miguu yake. Kwenye arusi nilikaa kwenye kiti cha plastiki kama mgeni. Nilimtazama yule mwanamke siku nzima nikimtafutia kosa. Anasimama karibu, anachuchumaa, anapima shavu. Shavu! Nani alimfundisha shavu? Sikulipata kosa hata moja, na chakula cha arusi ile hadi leo sijui kilikuwa na ladha gani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Tororo kwa mtu anayeuza kamera za mitumba, na safari hii kichwani sikubeba jina la mtu. Nilibeba uwanja wa Egesa. Nilijiuliza: mimi husimama wapi? Karibu, kwenye nyumba ndogo, chini ya turubai, watu wengi, jua kali au giza la chumbani. Basi nataka lenzi fupi inayomeza watu wengi, na yenye mdomo mpana wa kupokea mwanga. Ile ndefu nilimbadilishia. Aliitaka kwa ajili ya mtu anayetembeza wazungu kutazama ndege. Hapo ndipo mahali pake. Si lenzi mbaya. Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye ukwe.

Na hivi ndivyo nilivyoijaribu, nanyi fanyeni hivyohivyo. Usiipimie dukani chini ya taa. Toka nayo nje saa sita. Mtafute mtu mweusi kama mimi aliyevaa shati jeupe, mpige, uone kama kamera inajua uso ni upi. Ikishindwa, tafuta kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga. Kama kimefichwa ndani ya menyu kumi, iache. Kwenye jua lile kioo cha nyuma hutakiona vizuri, kwa hiyo hakikisha ina tundu la kuchungulia. Lenzi ielekeze mbinguni uchungulie ndani: ukiona kama utando wa buibui, ni ukungu, na ukungu hautoki. Huku kwetu karibu na ziwa unapenda sana vioo. Mwulize muuzaji imebofywa mara ngapi. Kamera nyingi zinaweza kukuambia zenyewe ukijua pa kubofya, na muuzaji akikasirika kwa swali hilo umeshapata jibu. Memori kadi ijaze mpaka mwisho kabla ya kuiamini, maana zipo zilizoandikwa kubwa na ndani ni kibaba. Ivae shingoni uzunguke soko lote. Mazishi ni siku nzima. Megapikseli zikishatosha kuchapisha picha ya ukutani, zinatosha. Zaidi ya hapo unanunua kelele.

Na wewe mwenye simu nzuri, usinicheke. Simu yako nayo ikivuta mbali inabandika watu vilevile. Sogea kwa miguu.

Wengine mtasema mzee huyu anafundisha wivu ni mbaya. Sijasema hivyo. Bila wivu ningekuwa bado nasubiri filamu. Uuache tu nyumbani siku ya kwenda dukani, ukirudi utaukuta.

Sasa nimeacha kazi. Magoti hayataki tena kuchuchumaa. Ninavyo hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, kijijini Sikuda, mabati mapya upande mmoja. Shamba la mtama na mihogo. Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Pikipiki inayowaka ikitaka. Kamera mbili, moja nzima na moja ya kung'oa vipuri. Lenzi fupi na lenzi ya kati. Betri tatu. Watoto watano, hakuna aliyetaka kazi hii. Taaka, na picha zake nyingi, macho yanaonekana.

Nabwire ana studio Busia na nyingine Tororo, na kamera mpya, zile ambazo hazitoi sauti zikipiga. Mwezi uliopita alinipa niishike. Ni nyepesi. Nilimrudishia upesi.